Mgongo laini haumrushi mtoto nyuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha wasichana sita jimnastiki jioni, ufukweni hapa Malindi. Mmoja, wa miaka 11, anapiga daraja (kujipinda nyuma, viganja na nyayo chini, tumbo juu) na kusimama kwa mikono vizuri. Lakini akijirusha nyuma ili aweke mikono chini na miguu ipite juu, viwiko vinakunjika na utosi unagonga mchanga. Tunamfunga leso kiunoni, wawili tunamvuta juu, anapita. Tukiiacha, anaanguka. Mzee mmoja mkandaji anasema mgongo wake ni mgumu, alazwe kifudifudi kila asubuhi avutwe mabega na miguu mpaka ulainike. Tumeanza, ila sasa kiuno kinamuuma kidogo. Tumvute siku ngapi kabla ya kuacha leso?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimvute hata siku moja zaidi. Kuvutwa huko kukome leo.

Swali hili huletewa mimi kila mara, na kila mara mshtakiwa ni mgongo. Mtoto anayepiga daraja ana mgongo wa kutosha. Mruko huu unatoka miguuni na kumaliziwa na mabega; kiuno kinapita tu katikati. Ungemlainisha mpaka akunjike kama ukili, bado angeangukia utosi.

Mtazame kwa ubavuni, usimtazame kwa mbele. Bila shaka utaona magoti yanatangulia vidole vya miguu kabla hajaruka. Magoti yakienda mbele, mwili hupaa juu na kuporomoka palepale, uzito wote unashukia mikono, viwiko vinashindwa. Mruko mzuri ni mrefu na wa chini. Anakaa kama kwenye kiti kilichoondolewa nyuma yake, magoti yakabaki juu ya vifundo, na akihisi anaanguka ndipo anaisukuma ardhi mpaka miguu inyooke yote. Huko kuanguka ndiko anakokuogopa. Leso haimpi nafasi ya kukuzoea, maana inamvuta juu na yeye anatakiwa kwenda nyuma.

Panga magodoro yafike kiunoni mwake, yaegemee ukuta yasiteleze. Asimame akiyapa mgongo, akae kwa ile namna niliyosema, arushe mikono iliyonyooka mpaka masikioni, aruke, alale chali juu yake akiwa amekakamaa kama mlingoti wa jahazi. Akishazoea, msogeze mbele unyayo mmoja, kisha mwingine. Siku atakayotupa kichwa nyuma mapema au kukunja viwiko, mrudishe alikotoka. Kando ya hilo asimame kwa mikono akiegemea ukuta na kuisukuma sakafu kwa mabega, viwiko vimenyooka, mabega yakipanda kufunika masikio. Zoezi hili linachosha na halina wa kulipigia makofi, ndiyo maana wengi hulipuuza.

Akifika kujirusha kamili, msaidizi apige goti ubavuni mwake, mkono mmoja kiunoni kwa nyuma, wa pili nyuma ya paja, amsindikize bila kumbeba. Mchanga mkavu unameza msukumo. Ule wa maji yakipwa ni mgumu kwa vifundo vya mikono kama saruji. Godoro laini nalo huzamisha viganja. Kaazimeni mikeka ya karate, mwitandike mahali tambarare.

Hayo yote yasubiri kiuno kwanza. Pingili za chini za mtoto anayekua, hasa ya tano ya kiunoni, zinaweza kupata ufa kwa kukunjwa nyuma mara kwa mara, na dalili yake ni hiyohiyo: maumivu ya kiuno yanayozidi akijipinda nyuma. Mpeleke kwa daktari, mweleze wazi kwamba anafanya jimnastiki, kwani eksirei ya kwanza inaweza isiuonyeshe ufa huo. Mkandaji na mafuta yake ya nazi hutuliza misuli iliyochoka, sina neno. Lakini kumvuta mtoto mabega na miguu huku akilia si tiba wala si mazoezi. Ni kumuumiza, na mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo aambiwe hivyo usoni.

Nami naujua mzizi wake: haraka. Msimu wa wageni ukikaribia, hapa na Watamu, watu wanakusanya watoto, wanataka onyesho la hotelini liwe tayari kwa wiki chache. Anayechelewa huambiwa mgongo mgumu, au mwoga. Haraka haikuwaacha hata mabingwa. Elena Mukhina wa Umoja wa Kisovyeti alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Akavunjika mguu mwaka uliofuata, akarudishwa mazoezini upesi kwa ajili ya Olimpiki ya Moscow. Julai 1980, mjini Minsk, akifanyia mazoezi mruko wa sakafuni unaoitwa kwa jina la Kurt Thomas wa Marekani, hakupaa vya kutosha, akaangukia kidevu, shingo ikavunjika. Alikuwa na miaka 20. Hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2006, na baadaye wanawake walikatazwa kuufanya mruko huo mashindanoni.

Mwenye hoteli akidai mruko wa nyuma na mtoto hajaufikia, mpe daraja na kusimama kwa mikono. Vyote viwili huyu wako anaweza kuvifanya, kiuno kikishapona.