Gemu la kupanga rangi kwenye chupa: ukikwama, hesabu chupa tupu kabla hujaangalia rangi

Kama una hili gemu la kumimina maji ya rangi kwenye vichupa na kuna levo moja imekukamata unaizunguka tu, nina ushauri mmoja ambao kwangu ndio umebeba kila kitu, mengine yote yanatoka humo humo. Acha kujiuliza "rangi gani inafanana na rangi gani". Jiulize "chupa gani naweza kuimaliza ikabaki tupu". Basi. Watu wengi ninaowaona wakicheza, kwenye daladala, saluni, hata mtoto wa dada yangu pale nyumbani, jicho likiona nyekundu mbili ziko juu mkono umeshafika, wanamimina, wakiona kijani mbili wanamimina tena, na kwa kuwa levo za mwanzo zinapita hivyo hivyo mtu anaamini ndio namna yenyewe. Ukifika kwenye levo zenye chupa 14 ile tabia haikufikishi popote.

Kwa anayeanza, sheria ni chache. Kila chupa inachukua matabaka 4, na kila rangi ina matabaka 4 tu ndani ya levo nzima, kwa hiyo mwisho wa siku kila rangi inajaza chupa yake moja kamili. Unaruhusiwa kumimina kwenye chupa tupu, au juu ya rangi inayofanana na ile unayomimina, na lazima kuwe na nafasi. Sasa piga hesabu: chupa 14 kwa kawaida ni rangi 12, yani matabaka 48, na chupa mbili tupu. Nafasi 8 tu ndio una uhuru nazo. Kila kosa unalofanya linakula kwenye hizo 8, na ndio maana nasema macho yako yawe kwenye chupa tupu kuliko kwenye rangi.

Kabla hujagusa kioo, soma chupa kuanzia chini kwenda juu. Najua inachosha lakini hapa ndipo levo inapotatuliwa. Tafuta kwanza chupa ambayo chini yake rangi moja imelala mara mbili au tatu mfululizo, mfano kijani kijani halafu juu yake vitu viwili vya ajabu ajabu. Hiyo chupa imeshapata mwenyewe. Kijani itajengwa pale pale, kazi yako ni kuondoa vile viwili vya juu, kwa hiyo usije ukaanza kuikusanyia kijani sehemu nyingine ukala chupa tupu bure wakati nyumba yake ipo. Halafu tafuta rangi ambayo matabaka yake mengi yapo juu juu, ya kwanza au ya pili kutoka mdomoni, hiyo ndio ya kuanza nayo maana utaikusanya haraka bila kuchimba sana. Na kinyume chake, rangi ambayo imekaa chini kabisa kwenye chupa tatu tofauti iache, hiyo ni ya mwisho, hata kama tabaka lake moja liko juu linakuita.

Sasa chupa tupu. Mimi naichukulia kama hela ya kukopa: unaweza kuichukua, hakuna anayekukataza, ila kabla ya kuchukua ujue utairudisha lini na kwa njia gani. Ya kwanza kopa bila kuogopa sana. Ya pili, ile ya mwisho, usiiguse mpaka uwe umeshaona kwa macho zile stepu mbili tatu zinazofuata ambazo zitaiachia tena, au zitaiachia chupa nyingine. Kama huzioni, usimimine. Tafuta kitu kingine cha kufanya kwanza.

Ngoja nioneshe kwa levo ndogo ya rangi nne, chukua karatasi uchore ukitaka. Nataja kuanzia juu kwenda chini. Chupa ya 1: nyekundu, bluu, kijani, kijani. Chupa ya 2: nyekundu, kijani, njano, bluu. Chupa ya 3: njano, nyekundu, bluu, bluu. Chupa ya 4: kijani, njano, nyekundu, njano. Chupa ya 5 na ya 6 ni tupu.

Ukisoma kutoka chini unaona mara moja kijani ina nyumba chupa ya 1 na bluu ina nyumba chupa ya 3. Nyekundu haina nyumba popote, lakini mbili ziko mdomoni kabisa, na ya tatu ni tabaka la pili tu kule chupa ya 3. Kwa hiyo nyekundu ndio inastahili chupa tupu ya kwanza. Mimina nyekundu ya chupa ya 1 kwenda ya 5, na ya chupa ya 2 kwenda ya 5. Sasa chupa ya 1 imebaki na bluu juu ya kijani mbili. Hapa ndipo watu wanaachana njia. Kijani mbili zinaonekana juu, moja chupa ya 2 na nyingine chupa ya 4, na mkono unawasha kuzikutanisha kwenye chupa ya 6. Usifanye hivyo, kijani ina kwao. Chukua ile bluu moja iliyobaki juu ya chupa ya 1 uiweke chupa ya 6.

Najua itakuuma, unaweka tabaka moja peke yake kwenye chupa tupu ya mwisho. Lakini angalia kinachofuata. Kijani ya chupa ya 2 inaingia chupa ya 1, kijani ya chupa ya 4 inaingia chupa ya 1, rangi ya kwanza imekamilika hiyo na huigusi tena. Juu sasa una njano tatu, kwenye chupa ya 2, ya 3 na ya 4. Mimina njano ya chupa ya 3 juu ya njano ya chupa ya 2, nyekundu iliyokuwa chini yake inatoka, ipeleke chupa ya 5. Chupa ya 3 imebaki na bluu mbili peke yake, safi. Ile bluu uliyoiweka chupa ya 6 inarudi kwao chupa ya 3, na chupa ya 6 ni tupu tena. Mkopo umelipwa. Kuanzia hapo ni kuteremka tu: njano ya chupa ya 4 juu ya chupa ya 2, nyekundu ya chupa ya 4 kwenda chupa ya 5 imekamilika, njano tatu za chupa ya 2 zinashuka chupa ya 4, bluu ya mwisho inaenda chupa ya 3. Miminiko 12 kwa jumla.

Nimechagua levo hii kwa sababu hata ukienda ile njia nyingine ya kukusanya kijani pembeni bado utapita, rangi ni nne tu na gemu linasamehe. Ila kwenye rangi 12 haisamehewi, na mtu aliyezoea kupita kwa bahati anafika pale anaona levo ni mbovu. Levo sio mbovu. Alichokosa ni kuuliza hii rangi kwao ni wapi.

Kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana ni upande wa kumimina. Ukiwa na chupa mbili zenye rangi moja juu na zote zina nafasi, A kwenda B au B kwenda A matokeo hayafanani hata kidogo. Mimina kutoka kwenye ile ambayo chini yake kuna kitu unakihitaji sasa hivi, au ile iliyobakiza kidogo iwe tupu, na ile nyingine yenye mchanganyiko wa rangi za mwisho mwisho acha ifunikwe tu kwa muda. Na angalia nafasi kabla ya kumimina! Kama juu kuna pinki mbili na unapopeleka kuna nafasi moja, moja itaenda na nyingine itabaki pale pale imeziba, hujafungua chochote na umejaza chupa ya watu. Yani umimine ukiwa na uhakika rangi yote ya juu inatoka, ikibaki hata moja jua hiyo haijakusaidia kuona cha chini.

Halafu kuna miminiko ambayo haina hasara, hiyo ukiiona fanya bila kufikiri. Chupa mbili zenye rangi moja peke yake, mfano moja ina zambarau mbili na nyingine ina zambarau moja na hakuna kingine ndani, ziunganishe hapo hapo umepata chupa tupu ya bure. Na rangi iliyo juu ambayo nyumba yake imeshakuwa safi na ina nafasi ya kutosha, ipeleke. Ila usihamishe chupa safi nzima kwenda chupa tupu, hapo hujafanya kitu.

Ukikwama kabisa, yani kila juu kuna rangi ambayo haina pa kwenda na hakuna chupa tupu, usikimbilie kuanza upya. Rudisha nyuma stepu moja moja mpaka pale ulipojaza chupa tupu ya mwisho, maana mara nyingi sana levo ilifia hapo na siyo hapo ulipogundua. Jiulize pale ulikuwa na chaguo gani lingine la kuweka kwenye ile chupa. Jaribu hilo. Kama nalo halifiki, ndio unarudi nyuma zaidi mpaka ulipojaza ile ya kwanza. Ukianza upya kila mara bila kujua ulipotea wapi utarudia njia ile ile, vidole vinakumbuka kuliko kichwa.

Na msijione wazito jamani. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walitoa utafiti kuhusu hili gemu la maji na ndugu yake lile la mipira ya rangi, wakathibitisha kwa hesabu kwamba yako kwenye kundi la mafumbo magumu kwa kompyuta pia, hakuna kanuni inayojulikana ya kutatua kila levo haraka pale chupa zinapozidi kuwa nyingi. Walionesha na kitu kingine ambacho mimi nimekipenda zaidi, kwamba mpangilio ule ule ukitatulika kwa maji unatatulika kwa mipira, na usipotatulika huku na kule pia hautatuliki. Kwa hiyo wewe unayecheza la mipira, haya yote ninayosema yanakuhusu, tofauti ni kwamba unahamisha mmoja mmoja.

Levo zenye alama za kuuliza zina akili yake. Pale huoni cha chini, unaona rangi ya juu tu, kwa hiyo ule usomaji wa kutoka chini haupo. Pale raundi ya kwanza chezea kupata taarifa, usiiwekee matumaini ya kushinda. Fungua chupa ambayo ukitoa rangi moja inakuonesha mpya, usirundike rangi juu ya chupa ambayo hujaijua, na kila unachokiona kiandike pembeni, hata kwenye noti za simu: chupa ya 3, ya pili kijivu, ya tatu orenji. Kwenye gemu nililonalo mimi ukianza upya rangi zinabaki pale pale zilipokuwa, kwa hiyo raundi inayofuata unaingia ukiwa na ramani, na hapo inakuwa levo ya kawaida kabisa.

Mwanga wa simu nao uongeze, nasema kweli. Bluu ya kawaida na bluu bahari, kijani iliyokolea na kijani changa, ukicheza usiku mwanga umeshusha unamimina ukidhani umekosea hesabu kumbe umekosea rangi. Baadhi ya haya magemu yana sehemu kwenye mipangilio ya kubadilisha rangi au kuwekea alama juu ya kila rangi, mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani aitafute hiyo kwanza kabla ya chochote.

Kuhusu kile kitufe cha kuongeza chupa kwa kuangalia tangazo, mimi sikitumii levo ikiwa mpya maana inakunyima kujua kosa liko wapi, na mara nyingi nazima data kabisa wakati nacheza, bando linapona na matangazo yanapungua. Ila kama umerudisha nyuma, umejaribu chaguo zote za chupa ya mwisho na bado, itumie. Itumie mapema, mwanzoni kabisa wakati chupa tupu zako mbili bado hazijaguswa, usisubiri mpaka kila kitu kimejaa. Mwanzoni una tatu za kupanga nazo na unaweza kuzitoa hata rangi mbili za juu ya ile chupa yenye nyumba. Mwishoni itakupa miminiko moja tu, kisha utakuwa umekwama tena hapo hapo.