Swali la lugha: Bunduki ina pipa au ina mtutu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfasiri, naishi Tanga. Nimepewa mwongozo wa fundi mmoja wa Marekani anayeunda bunduki za mtindo wa kale, zile zinazotiwa baruti kwa mdomoni, pamoja na visu na panga. Kipande kimoja nimekitafsiri hivi: "Baada ya kufyatua, toa kufuli, osha pipa kwa maji ya moto, kisha paka hisa mafuta. Usiache poda nyeusi kwenye sufuria. Silaha za ukingo zidumishwe kwa mafuta, na upanga ufutwe kabla ya kurudishwa kwenye kesi." Mteja hajalalamika, lakini baba yangu mdogo, aliyewahi kuwinda, alisoma akaniuliza habari hii ni ya duka au ya jikoni. Je, Kiswahili kina maneno ya mambo haya, au niyatohoe?

JIBU: Marahaba. Mpe baba yako mdogo salamu zangu, kwa sababu ameona kasoro mahali penyewe. Pipa, hisa, kufuli na sufuria ni maneno mazuri ya Kiswahili, ila hakuna hata moja lililowahi kukaa kwenye bunduki. Kiingereza kina neno moja kwa pipa na kwa mtutu, neno moja kwa hisa za kampuni na kwa mbao ya bunduki, neno moja kwa kufuli na kwa mtambo. Wewe, au programu iliyokusaidia, mmechukua maana ya kwanza iliyojitokeza. Sikulaumu. Maneno ya gobori yametoka midomoni mwa watu kadiri magobori yenyewe yalivyotoka mikononi mwao, na kijana wa leo hana mahali pa kuyasikia. Lakini yapo, na ni mengi kuliko unavyodhani. Usitohoe kitu.

Nianze na jina la bunduki yenyewe. Bunduki yoyote inayotiwa baruti na risasi kwa mdomoni, kisha ikashindiliwa, ni gobori. Wingi wake magobori. Utasikia pia gobore, na kwenye habari za polisi Tanzania utakuta gobole. Ni kitu kilekile, matamshi tu yanatofautiana. Chagua umbo moja ulishike mwanzo hadi mwisho. Mimi naandika gobori. Ukisema "bunduki ya poda nyeusi" msomaji anawaza poda ya mtoto. Baruti peke yake inatosha, kwa kuwa kwa karne nyingi hapakuwa na baruti nyingine: ni ule mchanganyiko wa makaa, shura (aina ya chumvi) na kiberiti. (Naam, kiberiti. Hilo lilikuwa jina la madini ya manjano kabla halijawa jina la njiti za kuwashia jiko, na kwenye mwongozo wa aina hii maana ile ya kwanza inarudi kazini.) Siku hizi wapasua mawe huita baruti kila kitu kinacholipua mwamba, kwa hiyo kama fundi wako anatofautisha baruti ya kale na ile ya kisasa isiyotoa moshi, andika "baruti ya gobori" kwa ile ya kwanza. Tofauti hiyo usiipuuze hata kidogo. Baruti ya kisasa ikitiwa kwenye gobori inaweza kuupasua mtutu usoni mwa mpigaji, na hapo mfasiri aliyelegea amemwumiza mtu.

Gobori ni jina la ukoo mzima. Ndani ya ukoo, wazee wetu walitaja kila bunduki kwa namna inavyowashwa, na hapa ndipo lugha inaponifurahisha. Kuna bunduki ya mrao, ambayo baruti yake huwashwa kwa utambi unaoungua polepole. Mrao ndio huo utambi. Kuna gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe kugonga chuma. Kuna bunduki ya fataki, ambayo kijikofia kidogo cha shaba chenye dawa hugongwa kikawasha baruti. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, inayopokea kwa nyuma risasi na baruti zilizokwisha kufungwa pamoja, na hiyo si gobori tena. Historia ya karibu miaka 400 ya ufundi wa bunduki imo ndani ya maneno haya manne. Mbinu ya fataki ilitokana na kazi ya Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, aliyepata hataza yake mwaka 1807. Vile vijikofia vyenyewe vilienea miaka ya 1820 na kuendelea. Leo ukisema fataki watu wanawaza mwanga wa mkesha wa mwaka mpya, na mitaani Tanzania wanawaza mzee anayewarubuni wanafunzi. Gumegume nalo limebaki kuwa jina la mtu asiyetegemewa, mwanamume asiye na faida nyumbani. Anayeijua bunduki yenyewe haoni ajabu: jiwe likichakaa au baruti ikipata unyevu, unapandisha mtambo, unafyatua, cheche inaruka, na mnyama anakwenda zake.

Tofauti ya gumegume na nyingine haikuwa ya wawindaji peke yao. Mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yaliafikiana kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mwanya kwa bunduki za jiwe zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Yaani sheria iliyotenganisha silaha ya Mzungu na silaha ya Mwafrika iliandikwa juu ya gumegume. Miaka kumi na mitano baadaye, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji wengi wa kusini mwa Tanganyika waliingia vitani na magobori, mikuki na mishale mbele ya bunduki za viasi na bombomu (bunduki za rashasha) za Wajerumani. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "bunduki ya zamani" tu kila mahali amelifuta jambo ambalo watu walilifia. Taja aina.

Sasa viungo. Mtutu ndilo neno la leo kwa lile bomba la chuma ambamo risasi hupita, na katika kamusi za zamani utakuta pia kasiba. Wakati mwingine watu husema mtutu wakimaanisha mdomo wake tu ("alimwelekezea mtutu"), kwa hiyo ukitaka tundu la mbele hasa, sema mdomo wa bunduki. Fundi wako wa Marekani bila shaka anazungumzia pia mistari inayozunguka ndani ya mtutu, ile iliyozifanya bunduki ndefu za karne ya 18 za Lancaster, Pennsylvania, kazi ya mafundi wenye asili ya Ujerumani, zipige mbali na kwa shabaha. Iite mifereji, ni neno wazi, kila mtu anaona picha. Sehemu ya nyuma inayokaa begani ni kitako cha bunduki, na hili hata watoto wanalijua kwa sababu ya habari za watu waliopigwa kwalo. Mti mzima unaoshika mtutu uite mbao ya bunduki. Fimbo ya kushindilia ni mdeki. Kile kisahani kidogo pembeni kinachowekwa baruti ya kuwashia, ulichokiita sufuria, ni kifa, na jina hilohilo lilihamia kwenye kichuchu kinachovalishwa fataki.

Mtambo nauweka peke yake. Kabla mtambo haujawa mashine ya umeme au ya kiwandani, ulikuwa kifaa cha mtego: kijiti kilichokunjwa kwa nguvu kikisubiri kuguswa. Na kufyatua ni kukiachia. Bunduki ilipofika, mtega ndege wa pwani au wa bara hakuhitaji kuazima jina kwa mtu. Alitazama kile chuma kinachovutwa nyuma, kikashikwa, kikaachiwa, akasema: huu ni mtambo, nao unafyatuka. Hata mzinga ulipewa jina namna hiyo. Ukiitazama ile mizinga ya kale ukutani Ngome ya Yesu, Mombasa, utaona gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, ila hili limesubiwa, yaani limemiminwa, kwa chuma. Ndiyo maana naumia ninapoona "kufuli la bunduki". Kufuli hufunga, mtambo husubiri. Vijana husema kukoki bunduki, na neno hilo limeshazoeleka kwa silaha za kisasa, silipingi. Kwa gobori lakini, kupandisha mtambo ndiyo Kiswahili chake.

Zingatia vitenzi vinavyofuatana: gobori hushindiliwa, mtambo hupandishwa, kisha hufyatuliwa, baruti hulipuka, risasi hutoka, bunduki hulia. "Kushindilia" usiibadilishe na "kupakia" au "kujaza", maana kushindilia kuna ule mkono unaosukuma mdeki mpaka risasi ikae juu ya baruti bila kuacha nafasi, jambo ambalo ndilo usalama wenyewe wa gobori. Na risasi, kumbuka, ni jina la madini kwanza. Fundi huyeyusha risasi, huimimina kwenye kalibu, akapata risasi. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Kama unaona itamchanganya msomaji, sema "madini ya risasi" mara ya kwanza. Chembe ndogondogo za kuwindia ndege ni marisau.

Kuhusu vitenzi vya fundi mwenyewe, umeandika "kudumisha". Tunadumisha amani na ndoa. Silaha hutunzwa, ikiwa kwenye makumbusho huhifadhiwa, ikiharibika hukarabatiwa. Jihadhari na kutengeneza, kwa kuwa kwetu fundi anayetengeneza redio ni yule anayeirekebisha. "Anatengeneza bunduki za kale" kwa masikio mengi ni mtu anayezirekebisha. Kama anaanza na chuma kitupu na gogo la mti, sema anaziunda. Kisu na upanga, navyo, hufuliwa: mhunzi hufua chuma juu ya fuawe, na mvukuto ukipuliza. Wala usiseme bunduki "za kihistoria", isipokuwa ni zile zilizopigwa siku ya tukio kubwa.

Nije kwenye makali. "Silaha za ukingo" haipo. Ukingo ni wa mto au wa barabara. Sema silaha zenye makali. Tena usichanganye makali na ncha, ingawa taarifa za polisi zimetuzoesha "kitu chenye ncha kali" kwa kila jeraha. Ncha huchoma, makali hukata. Mkuki una ncha, panga lina makali, jambia lina vyote viwili. Ubavu wa upanga usiokata ni bapa, pa kushikia ni mpini, pa kuhifadhia ni ala. "Kesi" iache mahakamani.

Na panga ni lipi? Hapa hata waandishi wazoefu hujikwaa. Upanga, silaha ya vitani, wingi wake ni panga: upanga mrefu, panga ndefu. Panga, la kufyekea shamba, wingi wake ni mapanga: panga refu, mapanga marefu. Kwa hiyo "panga ndefu zimening'inizwa" ni silaha za vita, na "panga refu limening'inizwa" ni la mkulima. Upatanisho wa sarufi ndio unaobeba maana yote, na ukiukosea umebadilisha kitu kilichoko ukutani. Upanga uliopinda tunao kwa jina lake, kitara. Upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, uliochukuliwa na Waarabu wa pwani, uliitwa upanga wa feleji, feleji ikiwa chuma cha pua bora. Jambia asili yake ni Kiarabu, kutoka neno la ubavu, ingawa Waomani hulivaa mbele, katikati ya mkanda, na wao huliita hanjari. Ndilo lililo kwenye bendera yao pamoja na panga mbili. Sime ni ya bara, kwa Wamasai na Wakamba na majirani zao, nyembamba mpinini na pana kuelekea nchani. Usiyatumie kwa kubadilishana.

Limebaki neno moja, na ndilo lenye hatari kuliko yote: "upanga ufutwe". Kufuta upanga, kwa Kiswahili cha zamani, ni kuuchomoa alani. Katika Biblia, Mathayo 26:51, yule aliyekuwa pamoja na Yesu "akaufuta upanga wake", na hakuwa anaondoa vumbi. Mtumwa wa Kuhani Mkuu alipoteza sikio. Wewe ulitaka kusema usafishwe kwa kitambaa. Msomaji mzee atasoma uchomolewe kabla ya kurudishwa, na atauliza ulikuwa wapi. Tumia kupangusa.

Kipande chako ningekiandika hivi, na nimeongeza kukausha mtutu na kuupaka mafuta, mambo ambayo fundi yeyote wa gobori angeyadai, kwa sababu masizi ya baruti huvuta unyevu, na mtutu uliooshwa ukaachwa na maji huota kutu kabla hata usiku haujaisha:

"Ukimaliza kupiga, toa mtambo, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe vizuri, kisha uupake mafuta, na mbao nayo ipate mafuta yake. Usiache baruti kwenye kifa. Silaha zenye makali zitunzwe kwa mafuta, na upanga upanguswe kabla ya kurudishwa alani."

Msomee baba yako mdogo. Akiwa na jina jingine la kifa au la mdeki walilolitumia porini kwao, liandike uniletee.