Anzia ukutani: kwa aliyenunua kompyuta yake ya kwanza

Kompyuta ya kwanza niliyoiua, niliiua kwa swichi nyekundu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa imetoka Marekani, imezungushiwa mashuka na nguo za watoto ili isivunjike njiani, na mwenyewe alisimama nyuma yangu akinitazama kama mzazi anayetazama mwanawe akitahiriwa. Nikachomeka, nikawasha. Pa! Moshi kidogo ukatokea kwenye feni ya nyuma, chumba kizima kikanuka plastiki iliyoungua. Ile swichi nyuma ya powasaplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, ilikuwa imewekwa 115, na ukuta wetu unatoa volti 230. Powasaplai nyingine ilitoka mfukoni mwangu, na kwa miezi miwili nilikuwa naenda kazini kwa miguu.

Tangu siku ile siwashi kompyuta ngeni bila kuinama nyuma yake kwanza. Nyingi za miaka ya karibuni hazina hiyo swichi. Kibandiko chake kimeandikwa 100 hadi 240, maana yake zinajipanga zenyewe. Lakini kama umenunua ya mtumba, au ndugu amekutumia kutoka nchi ya volti ndogo, tazama kabla hujagusa waya.

Nimeanzia huko nyuma makusudi. Mgeni wa kompyuta, ikimgomea, huanza na kilicho mbele ya macho yake: anabonyeza kibodi, anasukuma mausi, anamlaumu mtoto. Mimi nakuambia ufuate njia anayopita umeme. Anzia ukutani, nenda kwenye ekstensheni, kwenye waya, kwenye powasaplai, ndipo uje kwenye skrini. Simu nyingi ninazopigiwa na watu wenye kompyuta ya wiki moja huishia kabla hata hatujafika kwenye skrini.

Soketi zetu zina swichi yake ukutani, na ile swichi huzimwa na mtu anayefagia. Ekstensheni za bei chee nazo ndizo zinazonilisha. Watu huzipima kwa chaja ya simu: simu ikichaji wanasema tundu ni zima. Si lazima. Tundu lililolegea linaweza kuitosheleza simu, likashindwa na kompyuta inayovuta umeme mwingi zaidi. Chomeka kompyuta ukutani moja kwa moja, ujue ukweli. Kisha sukuma waya wa nyuma ya sipiyu mpaka ugome. (Naliita lile boksi sipiyu kama tunavyoliita sote, ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kilichojificha ndani. Fundi akikusahihisha, mwache afurahi.) Pembeni ya waya huo mara nyingi kuna kitufe chenye alama ya duara na mstari, mstari ndio kuwasha.

Feni inazunguka lakini skrini nyeusi? Monita ina waya wake wa umeme, kitufe chake na taa yake. Taa isipowaka kabisa, rudi ukutani. Ikiwaka ya njano au ikipepesa, monita ni nzima ila haipati picha, basi shika waya wa picha. Ule wa zamani wenye kichwa cha bluu una skrubu mbili za pembeni zilizowekwa zifungwe, na wengi hawazifungi; paka akipita nyuma ya meza, picha inaondoka naye. Halafu kuna mtego mmoja uliowahi kunipotezea nusu saa mbele ya mteja: sipiyu yenye kadi ya picha huwa na sehemu mbili za kuchomeka monita, moja juu karibu na matundu ya mausi na kibodi, nyingine chini kwenye kadi yenyewe. Chomeka ya chini. Ya juu mara nyingi huwa imelala.

Sasa tuje kwenye milio. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, nilimshauri anunue ya mezani ili wajukuu wasiigombanie kama simu. Aliinunua Kariakoo, ikapanda basi hadi Tanga kwenye buti, chini ya magunia. Jioni akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta yako inalia kama lori linalorudi nyuma."

"Inalia mara ngapi halafu inanyamaza?"

"Sijui, inalia tu."

"Izime mama, uiwashe tena, uhesabu."

Kimya. Kisha: "Tatu. Zote ndefu. Na picha hakuna."

Milio hii hutofautiana kulingana na mtengenezaji, kwa hiyo hesabu na uandike, usikariri jedwali la mtu mwingine. Ila kompyuta iliyosafiri, ikafika inalia na haina picha, mimi hushuku ramu kwanza, yaani kile kipande cha kumbukumbu ya muda. Barabara huitikisa hadi ikalegea kwenye nafasi yake. Nilimwelekeza kwa simu: achomoe waya wa umeme kabisa, abonyeze kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe, afungue ubao wa pembeni, aguse chuma cha boksi kwa mkono mtupu ili chaji ya mwili wake ipite humo isiende kwenye vifaa. Kisha atafute kipande kirefu chembamba kilichosimama wima, kimebanwa na vishikizo kwenye ncha. Avifungue, akitoe, asugue yale meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, apanguse vumbi la kifutio, akirudishe. Kina pengo lisilokuwa katikati sawasawa, kwa hiyo hakiingii kinyume hata ukikilazimisha, na usikilazimishe. Akibonyeze ncha zote mbili mpaka kishikizo kiseme "ka".

Vifutio mwalimu mstaafu anavyo tele. Aliniambia baadaye kwamba "ka" ile ilimpa raha kuliko picha yenyewe ilipotokea.

Hapo ndipo niseme jambo ninalowasumbulia wanagenzi wangu kila wiki: gusa kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha waya, ukachomoa ramu, ukahamisha ekstensheni kwa mpigo mmoja na kompyuta ikawaka, utashangilia, lakini hujui kilichoiponya. Ikigoma tena Alhamisi utaanza upya, umechoka zaidi.

Matatizo mengine hayana uhusiano wowote na umeme, ingawa yanatisha vilevile. Kuna siku niliitwa kwa sababu "intaneti imefungwa": kila tovuti ilikuwa inaonya kwamba si salama, hata ile ya benki. Nikatazama saa iliyo pembeni chini ya skrini. Kompyuta ilidhani tuko Januari ya miaka mingi iliyopita. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoishi zamani huona vyeti vyote havijaanza kutumika, basi inavikataa. Rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Ukizima umeme ukutani na kesho yake saa imerudi zamani tena, betri ya ndani imekufa. Ni ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, na bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku.

Nyingine: unabonyeza alama ya @ ili uandike barua pepe, inatokea alama ya kufungulia usemi. Kibodi haijaharibika. Windows imewekwa mpangilio wa Uingereza na kibodi yako ni ya Marekani, au kinyume chake. Badilisha kwenye mipangilio ya lugha. Na nenosiri likikataliwa mara tatu huku una hakika nalo, angalia taa ya herufi kubwa kabla hujamshuku mwenzako. Sauti ikikosekana, bofya alama ya spika utazame inaelekezwa wapi. Waya wa HDMI, ule wa picha wa kisasa unaobeba na sauti, hupenda kuipeleka sauti kwenye monita ambayo haina spika.

Kuna anayetaka kumpeleka muuzaji polisi kwa sababu diski ya GB 500 inaonyesha 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824 kuwa moja. Gawanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu utapata 465 na ushee. Unapoweza kuibiwa ni kwenye sipiyu, safari hii ile ya kweli. Ukiambiwa "hii ni i5", ambalo ni jina la aina mojawapo ya sipiyu za kampuni ya Intel, uliza kizazi. Tazama namba baada ya kistari: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ya nane. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel za kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilicho ndani ya kompyuta. Ujumbe wa kwamba kompyuta yako haikubali Windows 11 si hitilafu ya kutengeneza. Hilo ni suala la kuzungumza na aliyekuuzia.

Kuhusu bando nitasema kwa uchungu kidogo. Kompyuta mpya ikionja intaneti kwa mara ya kwanza huanza kujishushia masasisho kimyakimya, na kama umeiunganisha kwa hotspoti ya simu, bando la wiki linaweza kwisha kabla chai haijapoa. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la hotspoti yako, washa palipoandikwa "Metered connection". Windows itapunguza ulafi. Lakini usiyazime masasisho moja kwa moja. Yashushe siku una bando la usiku au ukiwa kwenye waifai ya mtu mkarimu. Na siku hizo za mwanzo kompyuta ikiwa nzito, iache imalize kazi zake. Ikiendelea kuwa nzito, iwashe upya kwa "Restart", si kwa kuizima na kuiwasha. Watu hawaniamini hapa. Ukiizima kawaida, Windows za sasa huhifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho iamke haraka, na tatizo linaweza kulala pamoja nayo. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Halafu kuna dawa ya mafundi wengi, nami nilikuwa mmoja wao: kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Sauti haitoki, piga Windows. Printa haisomi, piga Windows. Ni rahisi kwa fundi, kwa sababu haihitaji kufikiri. Mwaka wangu wa pili kazini nilipiga Windows kwenye kompyuta ya baba mmoja kwa tatizo ambalo leo ningelimaliza kwa dakika tano. Sikuuliza kuna nini ndani. Kulikuwa na picha za mazishi ya mkewe, na hazikuwa na nakala popote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi la ofisini akashika kofia yake, akaniuliza taratibu kama kuna namna. Nilihangaika siku tatu, nikarudisha picha kumi na moja.

Kwa hiyo fundi akikwambia "hii tunapiga Windows tu", muulize tatizo ni nini hasa, na amenakili nini, wapi. Asipoweza kujibu, beba kompyuta yako urudi nayo nyumbani. Diski ikianza kugonga kama saa ya ukutani, usiwashe na kuzima ukiijaribu. Nakili kilicho muhimu mara moja, au izime umpelekee anayejua. Na powasaplai usiifungue hata kama umeichomoa, maana ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme baada ya waya kutoka. Ukisikia harufu ya kuungua, zima ukutani, tupigie. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie kabla hujachomeka tena, kwa sababu mara nyingine unarudi na hasira.

Ukinipigia mimi au fundi mwingine yeyote, usiseme "haifanyi kazi". Sema ulikuwa unafanya nini, nini kimetokea, maneno gani yameandikwa kwenye skrini, neno kwa neno. Piga picha ya ujumbe huo kwa simu kabla hujaufunga. Yule mama mwalimu ana daftari la mazoezi, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu nikalifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wake wa ubaoni:

"Jumanne, saa mbili usiku. Skrini nyeusi, feni inazunguka, haikulia. Taa ya monita njano. Nimesukuma waya wa bluu: bado. Nimekaza skrubu: imewaka. Mjukuu ameonywa."