Kumfanyisha mazoezi mzee aliyetoka kuugua UVIKO au mafua makali

Wewe unayeanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani, shika hili kwanza: zoezi la leo hupimwa kesho. Mzee anaweza kutembea vizuri Jumatatu, ukafurahi ukamwongezea, kisha Jumatano akashindwa hata kuinuka. Uchovu wa namna hiyo huja saa 12 hadi 72 baada ya kazi iliyomzidi. Uchovu huo ukimpata, usimsukume. Mpumzishe mpaka arudi alipokuwa, kisha anza na nusu ya kile kilichomwangusha.

Wala tatizo lote haliko kifuani. Mzee mwenye afya akilala kitandani siku 10 tu, anaweza kupoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Misuli ikinyauka, kazi ndogo humchosha haraka, naye huhema hata kama mapafu yameanza kupona. Ndiyo maana kuinuka kitini ni zoezi la pumzi pia.

Kabla ya kuanza, mketishe dakika tano, umpime oksijeni kwa kile kipimo cha kubana kidoleni. Mkono ukiwa wa baridi, au kucha zina rangi au piko, namba haiaminiki. Sugua mkono upate joto, tafuta kidole kisafi. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo asilimia 93 isikupe usingizi ikiwa mzee anahangaika. Ikiwa chini ya 92, au ana homa, usianze. Wasiliana na daktari. Mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, daktari wake ndiye atakayetaja namba yake.

Anza na pumzi. Avute hewa kwa pua kwa hesabu ya mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kwa hesabu ya nne. Asiisukume kwa nguvu, atapata kizunguzungu. Dakika mbili zatosha. Kupuliza maputo hakuna haja, na kujifukiza hakujengi misuli ya kupumulia; sufuria ya maji ya moto mbele ya mzee aliyedhoofika ni hatari ya kuungua.

Kisha kiti. Kiwe kigumu, kimeegemea ukuta, kwa sababu cha plastiki huteleza kwenye vigae. Urefu wa sentimita 45 hivi unafaa. Kuinuka kwenye kigoda au kochi la kuzama ni kazi nzito mno kwa kuanzia. Visigino avirudishe nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, atoe pumzi anapoinuka. Wengi hubana pumzi hapo, presha ikapanda na kichwa kikazunguka. Mara tano, apumzike dakika mbili, arudie ikiwa bado ana nguvu. Kutembea nako, dakika tano kwenye sakafu tambarare. Ongeza dakika moja baada ya siku tatu njema mfululizo.

Usimuulize tu "umechoka?" Wazee wetu watajibu "salama, mwanangu" huku mabega yanapanda na kushuka. Mwambie ahesabu kwa sauti mpaka kumi: akikata pumzi katikati, amezidishiwa. Mapigo ya moyo nayo yanaweza kukudanganya ikiwa anameza dawa ya presha kama atenolol, maana huyazuia yasipande.

Oksijeni ikishuka kwa 4 au zaidi kutoka namba uliyopima kabla ya kuanza, simamisha. Mketishe ameinama mbele, viwiko juu ya mapaja, apumue kwa midomo iliyobanwa. Isiporudi ndani ya dakika chache, au kifua kinauma, au midomo inageuka rangi, au mguu mmoja umevimba na kuuma, ni hospitali mara moja.

Kwa mzee anayeswali, uliza anaswalije. Kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka tena kwa rakaa 17 za faradhi ni kazi nzito kwa mwili unaopona, na kichwa kikiwa chini pumzi hubana zaidi. Aswali kitini kwa sasa, hilo limeruhusiwa kwa mgonjwa. Akianza tena kusimama, hesabu rakaa hizo kama mazoezi kabla hujampangia ya kwako.