Bastola ya bei nafuu ya garini: ushauri kwa ndugu wanaofanya kazi barabarani Texas

Mimi natengeneza matairi ya malori usiku, kati ya Houston na Beaumont. Kila kijana wa kwetu anayeingia kazi hii ana swali lilelile: kaka, ninunue bastola gani ya kukaa nayo garini, isiwe ghali na isinigomee? Nami huanza kwa kumuuliza karatasi zake zikoje.

Sheria ya Texas yenyewe imelegea. Tangu 2007 unaweza kuwa na bastola iliyofichwa ndani ya gari lako bila leseni, na tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza hata kuibeba mwilini. Ila juu ya Texas iko sheria ya shirikisho, na hiyo haina mzaha. Aliyeingia kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala kukaa nayo. Kuna mianya michache, kama leseni ya uwindaji, lakini hayo ya kuongea na wakili, si na fundi matairi. Adhabu inaweza kufika miaka 15 jela, na baada ya hapo unarudishwa nyumbani. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Tafadhali, usimnunulie rafiki asiyeruhusiwa ukatumia jina lako: fomu ya 4473 unayojaza dukani inauliza waziwazi kama mnunuzi halisi ni wewe, na kudanganya pale ni kosa la shirikisho.

Na kama unaendesha Uber au Lyft, zote mbili zinakataza silaha garini. Utafungiwa akaunti kabla hujakutana na huyo jambazi unayemuogopa.

Haya, bastola yenyewe. Chukua ya milimita 9, ya kiwanda kinachojulikana, ya ukubwa wa kati. Vijana hupenda zile ndogo za mfukoni, lakini zinarusha mkono na vidole havipati pa kushika, na wewe huna haja ya kuificha kwenye suruali. Milimita 9 ni kwa sababu risasi zake ziko kila duka na ndizo rahisi kati ya zile za kujilinda nazo. Taurus G3C, Ruger Security-9 na Smith & Wesson SD9, zikiwa mpya, utazikuta mara nyingi kati ya dola 250 na 400. Mimi ninayo Security-9. SD9 ina triga nzito, wengine inawaudhi, ila kwa mtu anayeshtuka haraka huo uzito si kasoro. Hi-Point C9 ni rahisi kuliko zote hizo. Ni nzito kama tofali na watu dukani huicheka, lakini mara nyingi inafyatua. Siipendekezi, ila simdharau aliyenayo.

Usipite bila kuangalia kabati la bastola za polisi zilizotumika. FBI waliporudi kwenye milimita 9 katika miaka ya 2010, idara nyingi za polisi nazo zikaziacha zile za kipenyo cha inchi .40, na madukani zikajaa bastola hizo, kama Glock 22 na M&P40. Nje zimekwaruzika kwa kuingia na kutoka kwenye ala, lakini ndani nyingi bado nzima, maana askari wengi hubeba bastola miaka bila kuipiga sana. Unapata silaha ya daraja la juu kwa bei ya ile ya kawaida. Gharama yake utaiona baadaye: risasi za .40 ni ghali zaidi na teke lake ni kali.

Ukishanunua, nenda uwanja wa shabaha uipige risasi kama 200 kabla hujaiamini, zikiwemo boksi moja la zilezile za kujilinda, zenye ncha ya tundu, utakazokaa nazo kazini. Bastola nyingine hula risasi za mazoezi vizuri na kukwama kwenye hizo. Ikikwama mara kwa mara, jaribu magazini nyingine, yaani kile kikasha cha risasi. Ikiendelea, irudishe au iuze. Bei nafuu isiyofyatua ni hasara.

Sasa gari, ambako ndiko naona watu wakipotea. Bastola isilale garini. Magari ndiyo moja ya njia kubwa silaha zinavyoingia mikononi mwa wezi nchi hii, na mwizi wa maegesho ya hoteli anajua aanzie kwenye kasha la mbele, kisha chini ya kiti. Ukibandika stika ya kampuni ya bunduki kwenye kioo cha nyuma, umemrahisishia kazi. Nunua kisanduku cha chuma chenye kebo inayozungushwa kwenye mguu wa kiti, dola 30 hadi 50, cha zile dakika unazolazimika kuiacha. Usiku ingia nayo ndani.

Ukiwa unaendesha, ikae kwenye ala ngumu inayofunika triga, imefungwa mahali pamoja. Sumaku chini ya usukani achana nazo. Breki moja ya ghafla na bastola iko kwenye pedali. Usiiweke na karatasi za gari, kwa sababu askari akikusimamisha ataziomba, na hutaki mkono wako uingie kasha lenye silaha huku yeye anakuangalia. Mikono juu ya usukani, mwambie taratibu kwamba unayo na ilipo, kisha subiri akuelekeze. Sisi na lafudhi zetu tuna sababu ya ziada ya kuwa wapole hapo.

Watoto wakipanda gari hilo, sheria ya Texas inakuwajibisha ukiacha silaha yenye risasi pale wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia. Posta huruhusiwi kuingia nayo hata kwenye maegesho yao. Na kuna eneo la futi 1,000 kuzunguka shule, ambapo sheria ya shirikisho inataka uwe na leseni ya jimbo ya kubeba silaha, au silaha iwe haina risasi na imefungiwa. Huwezi kuendesha Houston bila kupita shule, kwa hiyo chukua hiyo leseni ya Texas ingawa kwa sheria ya jimbo si lazima.

Kwa unyevu wa pwani hii, bastola hushika kutu haraka. Mimi hufuta na kupaka mafuta kidogo kila mwezi, na risasi zilizopigwa na joto la garini kiangazi kizima nazimalizia uwanjani Oktoba, naweka mpya.