Inveta ndogo chini ya kila paneli: mmeuliza, tunajibu

Paneli zangu nane za sola zimeungwa kwa mfululizo. Jioni kivuli cha tangi la maji huangukia moja tu, lakini umeme wote unashuka. Inveta ndogo zitanifaa?

Zitakufaa. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, kwa hiyo paneli yenye kivuli ama inazibana nyingine, ama diodi zilizo kwenye kisanduku cha mgongoni mwake zinaupitisha mkondo pembeni na mchango wake unapotea. Inveta ndogo hufungwa chini ya kila paneli, hutafuta yenyewe volti na ampea zitakazotoa wati nyingi zaidi, kisha hugeuza DC (umeme wa paneli) kuwa AC (umeme wa nyumbani) palepale juu ya paa. Moja ikilala, saba zinaendelea. Ila kwanza tazama kama tangi linasogezeka. Mafundi wengine hawakuulizi hilo kwa sababu wanauza inveta, si matangi.

Paneli ni ya wati 440, inveta niliyouziwa ni ya 380. Nimepunjwa?

Hapana. Hizo 440 ni za maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juani seli hufika hata 60, na kila nyuzi inayozidi 25 hula takriban asilimia 0.35 ya wati hizo. Piga hesabu: zinabaki kama 386, tena jua likiwa kali kabisa.

Umeme wa gridi ukikatika, taa zangu zitawaka?

Kwa inveta za gridi peke yake, hazitawaka. Hujizima makusudi, fundi aliyeshika waya mtaani asipigwe na umeme wako. Unahitaji betri na swichi ya kuitenga nyumba na gridi.

Na optimaiza?

Hiyo nayo ni kifaa cha kufungwa chini ya paneli, ila hurekebisha DC na kuiacha DC. Inveta kubwa ya ukutani bado inahitajika, nayo ikifa, zote zimelala.

Inveta ndogo ikiharibika nitajuaje?

Programu ya simu itakuonyesha, lakini mara nyingi kwa namba ndefu ya kifaa. Namba hiyo imebandikwa chini ya paneli, usikoweza kuchungulia tena. Siku ya kufunga, stika ya kila inveta ibandikwe kwenye mchoro wa paa, mahali pa paneli yake. Bila huo mchoro, usimlipe fundi sehemu ya mwisho.