Kufuta majina peke yake hakumfichi mtu

Ndugu, nimekuelewa: umekusanya machapisho ya watu ili uchunguze tabia zao mtandaoni, umefuta majina ukaweka namba, na sasa unataka kuiweka data hiyo hadharani. Subiri kwanza.

Mwaka 2006 AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, ilifanya hivyohivyo. Ilitoa maneno yaliyotafutwa mtandaoni na watumiaji wapatao 650,000, kila mmoja na namba yake. Haikuchukua muda, waandishi wa habari wakamfikia mama mmoja kwa kusoma tu alichotafuta: mafundi wa bustani wa mji wake, watu wa ukoo wake, vidole kufa ganzi.

Kwa hiyo anza na maandishi yenyewe. Chukua sentensi moja kutoka kwenye faili lako, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute mtandaoni. Ikikupeleka moja kwa moja kwa mwenyewe, hujaficha kitu. Bora utoe takwimu za jumla badala ya machapisho yenyewe, saa na dakika uzifute ibaki wiki, na kundi la watu wachache uliunganishe na jingine.

Masharti ya mtandao ulikochota nayo yasome. Mengi hukataza kusambaza. Kama humo mna watoto au habari za afya, hapo ushauri wangu umefika mwisho: nenda kamati ya maadili ya taasisi yako, na mwanasheria anayejua mambo ya taarifa binafsi. Fanya hivyo kabla faili halijatoka. AOL waliliondoa lao ndani ya siku chache, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa.